Saa Mbili ya Nani? Rangi za Picha Zinapopita kwa Mkupuo

Hotuba kwa wapiga picha wa harusi na wahariri wa picha, Dar es Salaam

Ndugu zangu wapiga picha, wahariri, mafundi wa kusafisha picha mlioziacha mashine zenu ili mje hapa, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma na kompyuta mapajani: wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za mchana.

Nimeombwa niseme juu ya profaili za rangi. Nitaanza na sare.

Mnajua uzito wa sare kwenye harusi zetu. Ukoo unakaa vikao, kitambaa kinachaguliwa, michango inapita, kila mmoja anapeleka kipande chake kwa fundi wake. Siku yenyewe ikifika, ukimwona mtu kavaa kile kitambaa huulizi ni wa upande gani. Miaka kadhaa nyuma nilipiga harusi moja hapa mjini. Mama wa bi harusi na dada zake walivaa kitenge chekundu chenye maua ya manjano, wekundu wa pilipili iliyoivia mtini. Tulikuwa wapiga picha wawili, mimi na kijana wangu, kila mtu na kamera yake. Usiku ule nilikuwa na picha 1,800 kwenye folda moja na usingizi machoni. Nikaandika amri ya mstari mmoja ipunguze ukubwa wa picha zote, nikalala. Asubuhi zimekwisha. Nikachagua, nikapanga, nikapeleka zikatengenezwe albamu.

Albamu ilipofika mikononi mwa mwenyewe, mama yule akanipigia simu. Hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, hebu njoo uone."

Nikaenda. Akafungua ukurasa wa dada zake. Kushoto dada wawili, kitenge kinawaka. Kulia dada wa tatu, kitenge kile kile, kimefifia kama nguo iliyofuliwa na kuanikwa juani mwaka mzima, na uso wake umepauka kama mtu aliyetoka kuugua. Mama akaniambia, "Watu wameshaanza kusema huyu hakununua kitambaa chetu, kanunua cha bei rahisi kinachofanana." Halafu akaongeza jambo ambalo sijalisahau mpaka leo: dada huyo wa tatu ndiye aliyetoa mchango wa kwanza.

Ndugu zangu, nilimvunjia mtu mzima heshima mbele ya ukoo wake kwa neno moja ndani ya amri ya mstari mmoja. Neno lenyewe ni "-strip". Kazi yake ni kuivua picha kila taarifa inayosafiri nayo: tarehe, aina ya kamera, mahali, na pamoja na hayo profaili ya rangi. Kamera ya kijana wangu ilikuwa imewekwa sRGB. Yangu ilikuwa Adobe RGB. Hizo ni hesabu mbili tofauti za kuandika rangi kwa namba. Zilipovuliwa profaili, za kwake hazikudhurika, zangu zikafa rangi. Dada wawili wa kushoto walipigwa na kijana. Dada wa tatu nilimpiga mimi.

Sasa tuingie ndani tuone kilichotokea.

Chukua mgeni wetu aliyeshuka uwanja wa ndege jana akitokea London. Unamwandikia kwenye karatasi: mazoezi ya maharusi, 2:00. Wewe umeandika saa mbili ya asubuhi, jua limepanda, chai iko mezani. Yeye anasoma 2:00 na kwake hiyo ni saa nane, ama usiku wa manane ama mchana wa jua kali. Namba ni ile ile. Hakuna aliyesema uongo. Kilichokosekana ni neno pembeni ya namba: ya Kiswahili.

Profaili ya rangi ni lile neno la pembeni. Pikseli ya picha ni namba tatu, ya wekundu, ya ukijani na ya ubluu, kila moja kati ya 0 na 255. Namba hizo peke yake si rangi, kama vile 2:00 peke yake si wakati. Ukiniambia 219, 0, 0 sijui unazungumzia nini mpaka uniambie unahesabu kwa hesabu ipi. Kwa hesabu ya Adobe RGB, 219, 0, 0 ni wekundu kamili ule ambao sRGB inauandika 255, 0, 0. Rangi moja, jicho haliwezi kuzitofautisha, lakini kwa maandishi zimepishana hatua 36. Sasa ukimvua yule wa kwanza profaili yake, skrini itadhani ni sRGB, maana ndivyo skrini na mashine nyingi zinavyodhani zinapokutana na namba isiyo na neno pembeni. Itaonyesha 219 ya sRGB. Pilipili yetu imenyauka.

Na ngozi? Nilipiga hesabu kwa ngozi ya maji ya kunde, yenye namba 141, 85, 54 kwa sRGB. Ngozi hiyo hiyo kwa Adobe RGB inaandikwa karibu 127, 86, 58. Tazama kinachotokea ukisoma namba za pili kama za kwanza: wekundu umeshuka hatua 14, ubluu umepanda 4. Damu imetoka usoni, majivu yameingia. Huyo ndiye dada wa tatu.

Hapa nitasimama kidogo, maana jambo la ngozi si dogo kwetu. Zamani za filamu, Kodak walikuwa wakisambaza kwa maduka ya kusafishia picha kadi ya kurekebishia rangi. Kwenye kadi kulikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na wenyewe wakaiita Shirley, jina la mwanamitindo wao wa mwanzo. Fundi alirekebisha mashine mpaka Shirley apendeze, na kila ngozi nyingine ikafuata ilivyofuata. Miaka mingi ilipita kabla ya kutoka kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Wazee wetu walikaa mbele ya kamera wamevaa vizuri, wakarudishiwa picha ambazo macho na meno yanaonekana na uso umezama gizani. Sehemu ya kosa lile haikuwa mikononi mwa mpiga picha wa mtaani. Leo chombo kiko mikononi mwetu, namba tunaziona, profaili tunaweza kuisoma. Kwa hiyo leo dada wa tatu akitoka majivu, ni sisi.

Turudi kwenye saa. Kuna mambo mawili unayoweza kumfanyia yule mgeni mwenye karatasi, na watu wengi wa kazi hii, hata wenye miaka kumi kazini, wanayachanganya. La kwanza: unafuta 2 unaandika 8, kisha pembeni unaandika "ya Kiingereza". Namba imebadilika, jua liko pale pale. Huku ndiko kubadilisha profaili. La pili: unaiacha 2 kama ilivyo, halafu pembeni unaandika "ya Kiingereza". Namba haikuguswa, lakini umelisogeza jua saa sita nzima. Huku ndiko kuipa picha profaili. Kwenye programu za picha mambo haya mawili yamekaa jirani, kitufe kando ya kitufe. Ukibonyeza la pili ulipotaka la kwanza, picha inabadilika rangi mbele ya macho yako. Ikiwa moja, utashtuka na kurudi nyuma. Zikiwa 1,800 zinapita usiku umelala, hakuna wa kushtuka.

Kuipa si kosa kila mara. Picha iliyokuja bila profaili lazima ipewe kwanza neno lake, la sivyo huna pa kuanzia kuibadilisha. Ila unaipa lile unalojua ni la kwake. Unalotamani liwe la kwake halihusiki.

Mtaniuliza: hizo hesabu mbili zinakutana wapi? Saa ya Kiswahili na saa ya Kiingereza zote zinalitazama jua. Rangi nazo zina jua lao. Mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilitoa ramani ya rangi kama jicho la binadamu linavyoziona, kutokana na majaribio ya Waingereza wawili, W. David Wright na John Guild. Waliwakalisha watu mbele ya tundu dogo lenye mwanga, wakawaambia wachanganye taa tatu mpaka zilingane na rangi waliyoonyeshwa. Watu 17 kwa jumla, kumi kwa Wright na saba kwa Guild. Kutoka kwenye macho ya watu wale 17 ndiyo tunaendesha kila skrini na kila printa. Profaili ni kijitabu kinachosema: namba zangu zinaangukia hapa na hapa kwenye ramani ile. Programu ikitaka kutoka Adobe RGB kwenda sRGB inapitia kwenye ramani, kama vile wewe unavyolitazama jua kichwani kabla ya kumjibu mgeni.

Vijitabu vyenyewe vilikubaliwa muundo wake mwaka 1993, kampuni nane zilipounda jumuiya ya ICC, zikiwemo Apple, Adobe, Microsoft, Kodak na Agfa. Kabla ya hapo kila mtengenezaji alikuwa na lugha yake. sRGB ilipendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, ikawa kiwango rasmi mwaka 1999. Iliundwa kufuata skrini za vioo vizito za wakati ule, ndiyo maana uwanda wake, yaani eneo la rangi inazoweza kuandika, ni mwembamba. Adobe RGB ni ya 1998. Mzizi wake wa wekundu na wa ubluu, yaani ile rangi ya msingi inayochanganywa kupata nyingine, ni ule ule wa sRGB. Tofauti yao ni mzizi wa kijani, Adobe RGB imeupeleka mbali zaidi. Mkumbuke hilo, nitalirudia tukifika baharini.

Kuna kijana mmoja aliwahi kuniambia anavua profaili ili mafaili yawe mepesi, mteja apakue haraka. Nia njema. Tukakaa tukapiga hesabu pamoja. Profaili ya sRGB inayotumika sana ina baiti 3,144. Zidisha kwa picha 1,800, unapata baiti milioni tano na laki sita na ushei. Hiyo haifiki MB 6. Harusi nzima, profaili zote kwa jumla, ni nyepesi kuliko picha moja kubwa ya JPEG iliyotoka kwenye kamera ya kisasa. Ya Adobe RGB ni ndogo zaidi, baiti 560. Ukitaka wepesi, shusha ukubwa wa picha au shusha ubora hatua moja. Kama unataka kuficha mahali picha ilipopigwa, na kuna siku unapaswa kuficha kweli, futa taarifa za mahali peke yake. ExifTool, programu ya kusoma na kubadili taarifa zilizomo ndani ya picha, inakuruhusu kuchagua cha kufuta na cha kubakiza. Profaili iache.

Nilipotoka kwa yule mama nilirudi nyumbani nikafungua folda, na hapa ndipo nilipojifunza jambo la kunipa moyo. Kuvua profaili hakugusi namba. Saa mbili yangu ilikuwa bado ni mbili, imekosa neno lake tu. Nikazipa zile picha zangu Adobe RGB, papo hapo wekundu ukarudi, uso ukarudi. Kisha nikazibadilisha kwenda sRGB kwa njia ya halali, nikachapisha albamu upya kwa gharama yangu, nikampelekea mama pamoja na picha kubwa ya dada wa tatu kwenye fremu. Lakini kuna picha kama 60 ambazo nilikuwa nimeshazifungua asubuhi ile, nikaona zimepauka, nikazizidishia rangi kwa macho nikahifadhi juu ya zile zile. Hizo namba zimeshachezewa. Kuzipa profaili sahihi kulizifanya ziwe nyekundu kupita kiasi, sura zimevimba rangi. Na sikuwa na za mwanzo, kwa sababu "mogrify" ya ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri za maandishi niliyoitumia usiku ule, inaandika juu ya faili lile lile isipoambiwa vinginevyo. Ndugu zangu, iambieni vinginevyo. Iko "-path", inayotaja folda nyingine ya kuwekea matokeo. Folda ya mwanzo isiguswe na amri yoyote, hata ya kubadili jina.

Sasa nataka niwaonyeshe tunavyofanya siku hizi, na nitakaa zaidi mwanzoni mwa kazi kuliko mwisho, kwa sababu kosa huzaliwa mwanzoni.

Folda ya harusi ya leo si ya kamera moja. Mna kamera yako, ya msaidizi, drone pengine, na juu ya hapo binamu wa bwana harusi amekupa flashi ya picha za simu anataka ziingie kwenye albamu. Simu za iPhone tangu iPhone 7 ya mwaka 2016 zinapiga kwa Display P3, uwanda mpana kuliko sRGB. Wekundu kamili wa sRGB, ile 255, 0, 0, kwa Display P3 unaandikwa 234, 51, 35. Vua profaili na wekundu wako unageuka kuwa wa tofali. Kwa hiyo kabla ya amri yoyote unahesabu watu wako. ExifTool itakuorodheshea jina la profaili ya kila faili, folda nzima kwa muda mfupi. Panga kila kundi kwenye folda yake: za sRGB huku, za Adobe RGB huku, za P3 kule. Na zile zisizo na profaili ziweke peke yake, mbali, kama unavyomtenga kuku mgeni kabla ya kumwingiza bandani.

Hizo zisizo na profaili ndizo za kushughulikia kwa mkono. Usidhani zote ni sRGB. Ziko kamera ambazo zikiwekwa Adobe RGB hazipachiki profaili ndani ya JPEG, zinaacha alama tu kwenye taarifa za EXIF, zile kamera inazoandika ndani ya faili. Kwenye sehemu ya uwanda wa rangi utakuta ama 1, maana yake sRGB, ama 65535, maana yake haikutajwa. Ukikuta 65535, tazama alama nyingine, ile ya upatanifu: R98 ni sRGB, R03 ni Adobe RGB. Na iko dalili inayoonekana kwa macho bila programu yoyote. Tazama jina la faili. Kamera ya Canon inayoandika IMG_ ikiwekwa Adobe RGB inaandika _MG_. Nikon inayoandika DSC_ inaandika _DSC. Kile kistari cha chini kimehamia mbele. Nimepiga picha miaka mingi nikiona kistari kile mbele ya majina ya mafaili yangu na sikuwahi kujiuliza kimekaaje pale. Kilikuwa kinaniambia kila siku. Na sasa mnaona kwa nini nimesema hata jina la faili la mwanzo lisibadilishwe: ukibadili majina yote kuwa harusi_0001 umefuta shahidi.

Ukishajua, kila folda inapata amri yake. Na hapa kuna mtego wa ImageMagick ambao umewanasa wengi. Amri ya "-profile" inafanya kazi mbili tofauti kutegemea ilichokikuta. Ikikuta picha ina profaili ndani, inaibadilisha kwenda hiyo uliyoitaja. Ikikuta haina, inaipa tu. Kwa hiyo ukiirusha amri moja ya sRGB juu ya folda iliyochanganyika, zenye profaili zitabadilishwa sawasawa, na zisizo nayo zitabandikwa sRGB kimya kimya, hata kama ni Adobe RGB. Hakuna onyo litakalotoka. Kwa zile zisizo na profaili unaandika mbili kwa mfuatano: kwanza ya asili yake, kisha unakotaka iende. Ya kwanza inaipa, ya pili inaibadilisha.

Wale mnaopiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, msitikise vichwa kana kwamba hayawahusu. Ni kweli faili la RAW halina sRGB wala Adobe RGB ndani yake, na ule mpangilio wa kwenye kamera unagusa JPEG na ile picha ndogo ya kutazamia peke yake. Uamuzi wa RAW umesogezwa mpaka siku ya kuitoa kwenye programu ya kuhariri kama Lightroom au darktable. Pale kwenye dirisha la kutolea kuna sehemu ya kuchagua uwanda wa rangi, na inakumbuka ulichochagua mara ya mwisho. Kama juzi ulimtolea mtu TIFF za ProPhoto, uwanda mwingine wa rangi, kwa ajili ya jarida, leo harusi nzima itatoka ProPhoto usipotazama. ProPhoto ni pana mno, ina mizizi ambayo hata jicho haliioni. Ikivuliwa profaili, picha inapauka mpaka inatisha. Na ikiwekwa ndani ya biti 8 hatua zake 256 zinatawanywa juu ya uwanda mkubwa hivyo kwamba mbingu ya jioni na shavu laini la mtu mweusi vinaweza kuonyesha ngazi, mstari juu ya mstari. ProPhoto iwe na biti 16, na ibaki ndani ya nyumba yako. Unashuka biti 8 mwishoni, ukishamaliza kubadilisha kwenda sRGB.

Niliahidi bahari. Picha za maharusi ufukweni, Zanzibar au Kigamboni, bibi kavaa satini ya rangi ya maji ya bahari ya asubuhi, ule ubluu unaoelekea kijani. Huko ndiko Adobe RGB inakopita sRGB, kwenye kijani na kuelekea maji. Ukibadilisha kwenda sRGB, rangi zilizo nje ya uwanda zinaletwa mpakani na kuachwa pale. Namba ya wekundu inagonga 0 na haiwezi kushuka zaidi. Mikunjo ya satini ambayo ilikuwa na vivuli vitatu inakuwa bapa moja. Mtu atakuambia chagua njia ya kubadilisha inayobana rangi zote taratibu badala ya kukata. Jaribu uone: kwa profaili za kawaida za sRGB na Adobe RGB njia hiyo haimo ndani ya kijitabu, hivyo hata ukiichagua unapata ile ya kukata. Nguo kama hizo mimi nazitoa kwenye mkupuo. Nazipunguza ukali wa rangi kidogo kwa mkono kabla ya kubadilisha, mpaka mikunjo ionekane. Katika harusi nzima hazizidi picha ishirini, na mwenye nguo atazitafuta hizo hizo kwanza.

Kisha kuna fundi wa kusafisha picha. Mko hapa, na nasema kwa heshima: mashine nyingi za madukani zinachukulia kila faili ni sRGB, ziwe zimepachikwa nini ndani. Si aibu, ndivyo zilivyopangwa. Lakini mpiga picha anatakiwa ajue kabla. Njia ninayoipenda ni picha ya mtego. Unatengeneza picha moja ambayo namba za wekundu na za kijani zimepishana kwa makusudi, halafu unaipachika profaili inayozirudisha mahali pake. Mashine inayosoma profaili itatoa embe bivu. Isiyosoma itatoa embe bichi. Peleka hiyo moja kwa shilingi chache, na ukirudi nayo mkononi unajua cha kumpa. Kwa asiyesoma, unampa sRGB, na picha yako haitadhurika.

Na skrini yako. Kama hujawahi kuipima kwa kifaa cha kupimia, unahariri gizani. Ukishaipima, utapata profaili ya skrini ile. Hiyo ni ya skrini peke yake. Nimepokea folda za watu ambao walizipa picha zote profaili ya kompyuta yao, wakidhani ndiyo kuzifanya zifanane na wanachokiona. Sasa kila picha inasema inahesabu kwa saa ya ukutani kwa fulani, na saa ile imo chumbani kwake.

Mwisho wa kazi ni kuhesabu tena. Zimeingia 1,800, zitoke 1,800. ExifTool juu ya folda ya matokeo: ngapi zina sRGB ndani, ngapi hazina kitu. Ile ya pili lazima iwe sifuri. Halafu fungua picha tatu za mtu yule yule aliyevaa nguo ile ile, zilizopigwa na kamera tatu, uziweke ubavu kwa ubavu. Usitazame nguo tu. Tazama paji la uso na mgongo wa mkono.

Yule dada wa tatu bado ananipigia simu sikukuu. Mwaka jana aliniita nikampigie harusi ya mwanawe, na nilipofika alinishika mkono akanipeleka sebuleni. Ile fremu iko ukutani, juu ya kochi. Akaniuliza kama kijana wangu kaja na kamera yake pia. Nikamwambia yuko nje, na asubuhi kabla hatujatoka nimezitazama zote mbili.

Sasa naomba taa za mbele zizimwe. Wale wenye kompyuta, kwenye flashi mliyopewa kuna folda ya picha 40, zimechanganywa makusudi, kumi hazina profaili. Zitafuteni hizo kumi kwanza. Msizibadilishe bado. Niambieni tu zipi zina kistari mbele ya jina.